Shimo Chini ya Turubai la Kahawa

Siku mama alipochukua panga akamkatakata mdogo wangu na kumlisha ng'ombe, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na mfuko wa dawa zake za presha, wala sikumzuia. Niseme mapema kabla hujanifikiria vibaya: kilichokatwa ni shina la mgomba. Lakini shina hilo lilikuwa limelazwa juu ya mkeka sebuleni kwetu Kaisho, limefunikwa shuka jeupe, na wanawake waliolizunguka walikuwa wakilia kwa kutaja jina la mdogo wangu.

Mdogo wangu ni baharia. Najua inachekesha, na sisi wenyewe tulicheka mpaka tukachoka. Maji makubwa tunayoyajua kwetu ni Mto Kagera. Mimi nafundisha shule ya msingi huko Kihanga, na nikiwauliza wanafunzi bahari ni nini, wanatazama ubaoni wakisubiri niichore. Yeye alisomea ufundi wa mitambo, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya gereji, na gereji ikamfikisha bandarini. Aliporudi likizo ya kwanza, watu wa kilabuni walimwita baharia wa migombani, wakamwuliza kama meli nayo hupaliliwa. Hakukasirika. Alikuwa amepata kazi anayoipenda, na wengi wetu hatukuipata.

Meli aliyokuwamo ilibeba ngano. Ilikuwa ipite kwenye bahari yenye vita, vita visivyowahusu, kwa sababu njia nyingine ni ndefu na mwenye meli hakutaka kuzunguka. Nilipomwambia ashuke bandari ya karibu arudi nyumbani, alinijibu kwamba watapita haraka. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikamkatia simu. Kisha asubuhi moja, nikiwa njiani kwenda shuleni, wakala wake wa Dar es Salaam akanipigia. Alisema meli imepigwa ubavuni, inaingiza maji, haina umeme, na mawasiliano yamekatika. Katika taarifa ya mwisho waliyoipata, baharia mmoja hajulikani alipo. Nikamwuliza ni nani. Akasema, "Sijui, dada. Tuombe Mungu."

Wakati huo mama alikuwa kwangu Kihanga kwa sababu ya kliniki ya presha Nyakahanga. Sikuthubutu kumwambia. Nilimpigia baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na kibanja chake, yaani shamba la migomba na mibuni, kimepakana na cha kwetu Kaisho. Nikamwomba akae na habari hiyo mpaka nijue zaidi. Akasema, "Nimekusikia, mwanangu." Nikadhani amekubali.

Kesho yake mama akasema anataka kwake, ng'ombe wake wako mikononi mwa watu wavivu. Tulisafiri nikitafuta maneno njia nzima na kila nilipoyapata gari lilisimama kupakia mtu. Tulipofika tukaona uani limefungwa turubai la mama, lile analoanikia kahawa ya maganda, na chini yake viti vya kanisani na watu wameinamisha vichwa. Moshi ulikuwa unatoka nyuma kwenye masufuria makubwa. Mama alitazama yote hayo bila kushuka.

"Ni yupi?" akaniuliza.

"Hatujui, mama. Meli imepigwa. Wamesema mmoja hajulikani alipo."

"Mmoja kati ya wangapi?"

"Ishirini na kitu."

Akashuka.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, ukoo hukata shina la mgomba, huliombea, na kulizika mahali pake. Marehemu anapata pa kulala na waliobaki wanapata mwisho wa kulia. Sioni ubaya katika desturi hiyo. Ubaya ni kuifanya kabla ya wakati, na baba mkubwa alikuwa amekwisha kuchimba kaburi. Lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya mibuni na migomba, karibu na alipolala baba, udongo umerundikwa vizuri pembeni.

Mama aliingia ndani, akainua shuka, akalitazama lile shina.

"Mgomba huu umekatwa kwenye kibanja cha nani?"

"Chako," akajibu baba mkubwa.

"Basi ni wangu."

Aliliburuta mpaka uani peke yake. Akalikata vipande vyembamba kama anavyokata kila jioni, akavikusanya kwenye kapu, akavipeleka zizini, na ng'ombe wakala. Mwanamke mmoja alikuwa bado amefungua kinywa katikati ya kilio, akakifunga polepole. Mama alinawa mikono, akawaambia watu, "Asanteni kwa kuja. Chai ipo. Hapa hajafa mtu."

Watu walipoondoka nilimfuata baba mkubwa hadi kwake, na shikamoo yenyewe niliitoa kwa meno yaliyobanana. Nikamwambia nilimwomba jambo moja tu. Aliniacha nimalize, kisha akaniambia kisa ambacho nilikuwa nimekisikia nusu nusu tangu utotoni. Kaka yao mkubwa alikwenda kwenye vita na Uganda na hakurudi. Bibi yetu alikataa azikwe. Kila jioni aliweka chakula cha mwanawe pembeni, amekifunika kwa jani la mgomba, na aliendelea hivyo mpaka akafa.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakula chakula hicho kila asubuhi kikishapoa," alisema baba mkubwa. "Nimekula chakula cha mtu asiyekuja mpaka nikaota ndevu. Sitaki nyumba ya ndugu yangu ipike tena chakula cha namna ile."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mzee mkaidi. Nikarudi nyumbani sina wa kumlaumu, na hilo lilinikera zaidi.

Likabaki shimo. Kaburi likishachimbwa kwetu halifukiwi tupu. Watu wanaamini litadai mtu, na litaanzia kwenye nyumba iliyolichimba. Baba mkubwa alipendekeza tuweke shina jingine, lisiombewe wala kutajiwa jina, tulifukie yaishe. Mama akasema, "Shina lolote mtakaloweka humo litakuwa mwanangu, hata msipomtaja." Hakutaka lifukiwe, na hakuna aliyethubutu kuliacha wazi. Tukaweka mbao juu, tukalifungua lile turubai la msiba, tukalitandika juu ya mbao na kulikandamiza kwa mawe. Kahawa ya msimu ule tuliianika kwenye mikeka. Wachumaji hawakutaka kugusa mibuni iliyo karibu na pale, na majirani waliokuwa wakikatiza kibanjani kwetu kwenda kisimani wakaanza kuzunguka.

Niliomba ruhusa kazini nikabaki na mama. Mtandao ulikuwa unashika vizuri kwenye kichuguu nyuma ya zizi, kwa hiyo nilikuwa nakaa hapo na simu, nikimgombeza kila anayenisemesha. Watu wakasema mwalimu ana kiburi. Nilikuwa naogopa tu. Nilikumbuka nilivyomkatia simu, na moyoni nilikuwa nimekwisha kumzika mara nyingi kuliko baba mkubwa.

Namba ndefu ya nje iliita mchana mmoja nikiwa namenya ndizi.

"Dada, ni mimi."

Nilimwita mpumbavu. Nilimwita hivyo mara kadhaa nikilia, huku nakimbia katikati ya migomba kumpelekea mama simu. Mama aliiweka sikioni akasikiliza sauti ya mwanawe muda mrefu. Kisha akasema, "Ni wewe." Akavuta pumzi. "Basi ni mtoto wa nani?"

Mimi sikuelewa mara moja. Mdogo wangu alielewa. Mmoja alikuwa hajulikani alipo, na kama si yeye, alikuwa mtoto wa mama mwingine. Niliinama karibu na simu nikamsikia akilia, na mama akamwacha alie.

Alirudi baada ya wiki kadhaa. Nilimpokea stendi ya Omurushaka. Alikuwa amekonda na mikono yake ilikuwa na makovu mapya, na kila pikipiki ilipopita na kelele alikuwa anatazama juu. Nilitaka kumweleza habari za shimo, lakini mama alikuwa amenikataza, eti atakuja kuliona mwenyewe akiwa ameshika ardhi ya kwao. Njiani tulizungumza habari za bei ya kahawa.

Nyumbani baba mkubwa alikuwa ameleta rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kumpokea. Mdogo wangu aliwaamkia wakubwa wote, akacheka na watoto, akazunguka nyuma kwenda kusalimu kaburi la baba. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Turubai lilikuwa limebonyea katikati ya mbao mbili na kushika maji, na upepo ulikuwa unaingia chini yake, ukilivuta ndani na kulitoa. Alisimama. Kisha akaliendea, akayapiga mawe teke, akalivuta turubai lote na kulitupa mbali, na mbao nazo. Tulipomfikia alikuwa ukingoni, anatazama ndani.

"Hili ni la nani?"

Baba mkubwa alisogea mbele.

"Ni lako. Mimi ndiye niliyelichimba."

Niliogopa atampiga mzee. Badala yake alikaa juu ya rundo la udongo, miguu yake ikining'inia shimoni, na pale pale akatusimulia.

Walipigwa asubuhi, yeye akiwa anatoka zamu. Ubavu wa meli ulipasuka usawa wa maji, tundu la kupita ng'ombe, karibu na ukuta unaotenganisha chumba cha injini na ngama, tumbo la meli lililobeba ngano. Taa zilizimika. Walishuka na tochi, maji yakiwa magotini, yamechanganyika na mafuta. Walitoa magodoro vitandani wakayashindilia kwenye tundu, wakayakaza kwa mbao na kabari, wakigonga kwa nyundo, na maji yakayatema yote. Pampu kubwa zilikuwa zimekufa, na iliyobaki ilikuwa ndogo. Nahodha akawaambia anayetaka kuingia kwenye boti za kuokolea aingie. Fundi mkuu akawaambia jambo moja zaidi: ngano ikilowa inavimba, na ikivimba itaipasua meli kutoka ndani. Wakikaa, ni lazima maji yakomee pale yalipofika.

"Mbona hukuingia kwenye boti?" nikamwuliza.

"Hakuna aliyeingia. Sijui kwa nini. Ilikuwa nyumba yetu, dada."

Wakachukua turubai la kufunikia ngama, kubwa kuliko uwanja wetu. Walilifunga kamba kwenye kila pembe, walishushe nje ya meli, juu ya tundu, ili maji yenyewe yalikandamize. Pembe moja ikanasa kwenye chuma kilichochanika. Rafiki yake akasema atashuka yeye, kwa kuwa ndiye mwepesi.

Huyo rafiki yake tulikuwa tunamfahamu kwa masimulizi. Alikuwa Mfilipino, walilala chumba kimoja. Walisali rozari pamoja, kila mtu kwa lugha yake, halafu wanabishana habari za ndizi. Mfilipino alisema ndizi hukaangwa na sukari. Mdogo wangu alisema hiyo ni kucheza na chakula, ndizi hupikwa na maharage. Ubishi huo uliendelea kwa miaka, na walikuwa wamekubaliana kwamba hukumu itatolewa Kaisho, kwenye chungu cha mama.

Alishuka kwa ngazi ya kamba, na kamba nyingine kiunoni, iliyoshikwa na mdogo wangu na mwenzake mmoja. Aliifungua ile pembe. Akainua mkono kuwaonyesha kwamba tayari. Hapo hapo maji yakalivuta turubai, likajibamiza kwenye tundu, na wimbi likapita juu ya ngazi.

"Kamba ikawa nyepesi," alisema mdogo wangu. "Nikadhani anapanda. Nikavuta haraka nimsaidie. Ikaja kamba."

Chini, ndani ya meli, waliokuwa kwenye pampu wakaona maji yameacha kupanda. "Walishangilia, dada. Sisi juu tumeshika kamba, na chini wanashangilia." Meli haikuwa na injini ya kugeuka kumtafuta. Walikaa ukingoni wakitazama maji mpaka giza likaingia, wakipokezana, kwa sababu pampu nazo zilitaka watu. Turubai lilishika. Walilala kwenye pampu na kula biskuti zilizolowa mpaka ilipokuja meli ya kuwavuta.

Hapo alimaliza masimulizi yake. Mdogo wangu akaushika udongo wa rundo lile.

"Tumweke yeye humu," akasema. "Hana kaburi. Hili limekwisha kuchimbwa."

Baba mkubwa aliinamisha kichwa. Kwake halikuwa jambo dogo. Kaburi ndilo linalosema kibanja ni cha ukoo gani, na hapajawahi kulazwa mtu wa nje kati ya watu wetu. Alifikiri sana. Kisha akasema mtu aliyeshuka ili mwanetu asizame hawezi kuitwa wa nje, na kwamba yeye mwenyewe atakata mgomba. Mimi nilikwisha kuanza kulia. Niliona ndilo jibu la yote, la shimo, la hofu, na la mdogo wangu ambaye mpaka leo hawezi hata kuvuta kamba ya ng'ombe bila kusimama kwanza kuangalia kama ng'ombe yupo.

"Mama yake amesema nini?" akauliza mama.

Mdogo wangu akasema kampuni ilikwisha kumwandikia.

"Sikuuliza kampuni. Wewe umeongea naye?"

Hakuwa ameongea naye. Alikuwa na namba, na kila alipotaka kupiga mikono ilimkatalia.

"Basi hapazikwi mtu hapa," alisema mama. "Mimi nilirudi nyumbani nikakuta mwanangu amelazwa chini ya shuka na watu ambao hawakuniuliza. Sitamfanyia mwenzangu hivyo."

Tulimpigia mama wa yule Mfilipino Jumapili baada ya misa, kule kwenye kichuguu, simu ya picha. Alitokea bibi mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, na mjukuu wa kike pembeni yake. Mama alisema kwa Kinyambo, lugha yetu, mdogo wangu akakigeuza Kiingereza, na yule binti akakigeuza lugha yao. Kila neno lilichukua muda kufika, na wakati huo wote wale wanawake wawili walikuwa wanatazamana tu. Mama alimpa pole. Alimweleza kuhusu shimo, lilivyochimbwa na kwa nini liko tupu. Akamwambia kwamba kwetu mtu aliyepotea hulazwa kwa shina la mgomba, na kwamba kama anapenda, mwanawe atalala kati ya watu wetu na ataombewa kama wetu.

Bibi yule aliomba aonyeshwe. Tukateremka naye kwenye simu hadi kibanjani, picha ikikwama na kurudi. Baba mkubwa akatoa mbao tulizokuwa tumezirudisha, na mdogo wangu akageuza simu. Bibi alilitazama shimo muda mrefu. Kisha akasema kitu kifupi, na yule binti akasita kabla ya kukitafsiri.

"Bibi anakuuliza wewe uliyekuwa naye. Ulimwona akizama, au uliona kamba?"

Mdogo wangu akajigeuzia simu. Nilitamani adanganye. Baba mkubwa naye, nadhani, alitamani.

"Niliona kamba," akasema.

Jibu lilipofika kule, bibi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa analijua tayari. Akasema, "Basi ngojeni kidogo."

Mama akamwambia mdogo wangu amjibu kwamba tutangoja.

Baba mkubwa aliondoka bila kuaga. Nilijua kilichomwuma: chakula kilichofunikwa kwa jani la mgomba, sasa kiko kwenye nyumba nyingine, ng'ambo ya dunia, na mama ametuingiza sisi ndani yake. Nilimwambia mama kwamba mzee amekasirika na safari hii simlaumu. Sidhani mwana wa yule bibi atarudi. Mama naye hadhani. Nilimwuliza tutangoja mpaka lini, akasema aulizwe mwenye mtoto.

Asubuhi baba mkubwa alikuja na jembe. Hakumwamkia mtu. Alianza kuchimba mfereji kulizunguka shimo, upande wa mlimani, ili maji ya mvua yapite pembeni.

Mvua za mwaka huu zilikuwa kali. Jioni moja mfereji ulizidiwa, kingo zikaanza kumong'onyoka, na turubai likazama ndani na mbao zake. Mdogo wangu alitoka mbio. Sikuwahi kumsikia akiamrisha watu, lakini jioni ile alituamrisha wote, mimi na mama, na majirani waliokuwa wakikwepa kupita pale. Mimi nilipewa pembe ya turubai nikaambiwa nisiiachie hata nikianguka. Majirani walisimama mstari na ndoo. Baba mkubwa, kwa umri wake, alishuka ndani ya kaburi akawa anachota tope na kulipitisha juu, na mdogo wangu alikuwa amemfunga kamba kiunoni, ameishika kwa mikono yote miwili, na kila mara anaivuta kidogo kuhakikisha kwamba ina mtu.

Mdogo wangu hajarudi baharini. Halali vizuri, na sijui kama atalala vizuri hivi karibuni. Kila Jumapili bibi wa ng'ambo hupiga simu. Kabla ya salamu nyingine baba mkubwa hufunua turubai, na mdogo wangu hugeuza simu tumwonyeshe kwamba ndani ni pakavu.